Eroba baada ya kilomita 3,000: mikono imepona, shingo iliniumbua

Wakuu, niliahidi nitaandika kuhusu eroba zangu za baiskeli nikishazitumia vya kutosha. Sasa nimeshapiga nazo zaidi ya kilomita 3,000, ndani yake kuna mbio mbili za altra (zile ndefu za siku kadhaa), za kwanza nilitoka njiani na za pili nimemaliza, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuongea. Kampuni siitaji, maana karibu yote niliyokuja kusema yanahusu eroba yoyote ya kufunga kwa boliti, na yale machache ambayo ni ya hii yangu tu nitayasema yalivyo, ukiyakuta kwenye yako utayajua tu.

Kwa asiyejua, eroba ni zile pembe mbili zinazochomoza mbele katikati ya usukani, unalaza mikono juu yake kama mtu aliyeegemea dirishani, viwiko vinakaa kwenye vipedi viwili (pedi za viwiko jamani, msianze) na viganja vinashika ncha za mbele. Zilipata jina kubwa mwaka 1989, Greg LeMond alipozitumia siku ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 tu za kuingia Paris, ameamka asubuhi yuko nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, jioni kashinda mbio nzima za wiki tatu kwa sekunde 8. Nane! Tangu hapo kila anayeiona hii kitu kwenye baiskeli anajua ni ya mwendo. Na hapo ndipo nilipojipiga chenga mwenyewe, nilinunua na kuifunga kama LeMond, chini kabisa, mgongo sambamba na barabara, picha inapendeza kweli, kumbe LeMond alikuwa na kazi ya dakika chini ya thelathini na mimi nilikuwa na kazi ya siku tano.

Ila kwanza sifa, maana inastahili.

Mimi eroba sikuifuata kwa ajili ya mwendo, niliifuata kwa ajili ya kidole kidogo. Mwaka juzi nilipiga kilomita 600 kwa usukani mtupu, wa resi ule wa kujikunja, nikarudi nyumbani kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Nikajiambia kesho vitaamka. Wiki sita! Wiki sita nashindwa kufunga kifungo cha shati, ufunguo unanidondoka mlangoni, naandika mwandiko wa mtoto wa chekechea. Kuna neva inashuka kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganjani upande wa kidole kidogo, na ikifika pale kwenye kifundo cha mkono inapita kwenye kijia chembamba, haina nyama ya kuilinda, sasa wewe unaweka uzito wa kifua chako palepale saa ishirini mfululizo huku barabara inatetema, lazima izime. Glavu zenye jeli zinasaidia kidogo, kuzungushia usukani teipu mara mbili kunasaidia kidogo, lakini dawa yenyewe ni kuondoa uzito pale. Kuna watu kwenye hizi mbio wanafika siku ya nne hawawezi kubadili gia kwa vidole, wanasukuma leva kwa kiganja au wanavusha mkono wa pili upande ule mwingine ukabadili, na ni sababu mojawapo ya wengi kuhamia gia za umeme, unagusa kitufe basi.

Eroba inafanya hivyo na inafanya vizuri sana. Uzito unahama kutoka kwenye viganja unaenda kwenye nyama ya mkono chini kidogo ya kiwiko, ambako kuna mfupa mnene na hakuna kitu cha kubanwa kirahisi (usiweke ncha yenyewe ya kiwiko kwenye pedi, neva ileile inapita hapo nyuma, utakuwa umehamisha ugonjwa tu). Mbio zangu za kwanza na hii kitu, zilikuwa za kilomita 1,600, siku ya pili usiku nikavua glavu nikachezesha vidole mbele ya taa, vyote kumi vinaitika. Aisee nilicheka peke yangu porini kama kichaa.

Na msidhani ni starehe tu, ni kwamba hizi mbio zinataka mwili ukae sehemu moja muda ambao mwili haukuumbwa kukaa. Chukua Transcontinental Race, ile aliyoianzisha marehemu Mike Hall mwaka 2013, unakatiza Ulaya kama kilomita 4,000 na saa haisimami. Ukilala inahesabu, ukila inahesabu, ukipata pancha inahesabu. Hakuna gari la nyuma, hakuna fundi wako, rafiki haruhusiwi kukuletea hata maji, na kujificha upepo nyuma ya mwenzio ni marufuku. Mwaka 2019 Fiona Kolbinger alishinda mbele ya wanaume na wanawake wote, kutoka Burgas huko Bulgaria mpaka Brest Ufaransa kwa siku 10, saa 2 na dakika 48. Race Across America ni kinyume chake kidogo, kule una gari na watu wako wanakufuata nyuma wanakulisha, lakini ni karibu kilomita 4,800 kutoka pwani moja ya Marekani mpaka nyingine, na Christoph Strasser mwaka 2014 alizimaliza kwa siku 7, saa 15 na dakika 56. Gawanya mwenyewe uone, ni zaidi ya kilomita 600 kwa siku, wiki nzima, usingizi umo humohumo. Sasa fikiria kiganja cha huyo mtu.

Kuhusu upepo nitasema kwa kifupi maana kila mtu anaandika habari za upepo. Ni kweli inafanya kazi. Ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, nguvu ya kuupasua upepo inatakiwa mara nane, na mzigo mkubwa wa huo upepo unapiga mwili wako wala si baiskeli, kwa hiyo ukijikunja unapata nafuu hata ukiwa unaenda pole. Kwenye tambarare upepo unakuja usoni ndipo utaipenda, unatoka kwenye kusukumana na upepo unaingia kwenye kupita chini yake. Lakini mbio za siku tano wastani wangu ukijumlisha na kusimama ni aibu hata kuutaja, kwa hiyo dakika nilizookoa kwa upepo nilizipoteza zote kwa kutafuta soksi iliyopotea kwenye begi. Ukweli ndio huo. Hata Tour Divide, ambayo ni njia za vumbi na mawe milimani kutoka Banff Canada mpaka mpaka wa Mexico, kama kilomita 4,400, utaona baiskeli nyingi zina eroba, na kule hawazibebi ili wafanane na LeMond, wanataka pa kuweka mikono basi.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi: eroba ni meza. Katikati ya zile pembe mbili nimefunga jipiesi (kifaa cha kuonyesha njia), chini yake taa, waya wa kuchajia nimeupitisha kwa teipu mpaka kwenye begi dogo la juu ya fremu ambalo lina pawabenki upande mmoja na msosi upande mwingine. Umelala hapo mkono mmoja unaendesha mkono mwingine unakula. Na kula si mchezo kwenye mambo haya, tumbo likiwa limezoeshwa linapokea kama gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa, na wewe unatumia zaidi ya hapo, kwa hiyo ni deni linalokua mchana na usiku na kazi yako ni kulipunguza kasi tu. Kabla ya eroba nilikuwa nasahau kula kwa sababu kutoa mkono kwenye usukani kila mara ni kero. Sasa nakula kama mtu yuko sebuleni.

Sasa hiyo sebule ndiyo tatizo la kwanza. Imekaa vizuri mno. Usiku wa pili saa tisa, nimelala juu ya vipedi, barabara imenyooka, taa inachora kiduara kilekile mbele, mstari mweupe unapita unapita unapita, mara nasikia kelele za changarawe chini ya tairi, nafungua macho niko nje ya lami nusu mita na mkono uko mbali na breki. Breki ziko kule kwenye usukani, mikono iko huku kwenye pembe, kutoka huku kwenda kule ni kitendo, si sekunde nyingi lakini ukiwa umesinzia ni safari. Sikuanguka, bahati tu. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja, nikishapiga miayo mitatu natoka kwenye eroba nashika breki mpaka nipate pa kulala. Na ukiwa karibu na watu wengine usizitumie kabisa kwa sababu hiyohiyo, waandaaji wengine hata wameandika kwenye kanuni zao, soma kabla hujalipa kiingilio.

Tatizo la pili ndilo lililonitoa kwenye mbio.

Ukijikunja kwa LeMond, mgongo uko chini, macho bado yanataka kuona barabara, kwa hiyo shingo inakunjika kwenda juu na kukaa hivyo. Jaribu sasa hivi, lala kifudifudi uangalie ukuta ulio mbele yako, dakika tano tu. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5, weka helmeti, weka na ile taa ya kwenye helmeti ambayo mimi nilijiona mjanja kuifunga, na misuli ya nyuma ya shingo inabeba huo mzigo kila shimo, kila kokoto, saa kumi na nane kwa siku. Inabeba, inabeba, halafu siku moja inagoma. Haiumi tu ukavumilia, inagoma. Kichwa kinaanguka kifuani kama cha mtoto mchanga na hakinyanyuki kwa nguvu zake.

Hii kitu ina jina kabisa, wanaiita shingo ya Shermer, kwa sababu ya Michael Shermer, mmoja wa wale wanne walioanzisha hiyo safari ya kukatiza Marekani mwaka 1982, na yaliyomkuta yalimkuta mwaka uliofuata, 1983. Na huyu jamaa ana bahati ya ajabu, mbio zilezile za 1983 akiwa amekesha zaidi ya saa 80, huko Nebraska, gari la timu yake mwenyewe likamjia na mataa yake usiku akaamini kabisa ni chombo cha viumbe kutoka anga za juu na wale watu wake ndio viumbe wenyewe wamekuja kumteka. Wakamlaza kidogo akili ikarudi. Baadaye huyuhuyu akawa mtu wa kupinga habari za miujiza na viumbe wa angani, mwaka 1992 akaanzisha jarida la kazi hiyo, na kisa chake mwenyewe anakitoa mfano wa jinsi ubongo usiolala unavyotunga mambo. Kwa hiyo mtu mmoja kaupa mchezo huu shingo na majini kwa pamoja.

Nilikuwa nimesoma yote hayo. Nilijua. Nikaona ni mambo ya wale wa kilomita 4,800, mimi na vikilomita vyangu 1,600 yananihusu nini.

Kilomita ya 900 na kitu, siku ya tatu mchana. Dalili ya kwanza ilikuwa ya kijinga, nimeinamisha kichwa kuchukua chupa ya maji, nimekunywa, nataka kuangalia mbele, kichwa kikachelewa. Ndiyo, kikachelewa, kama simu yenye mtandao mbovu. Nikafikiri ni usingizi. Baada ya nusu saa nikajikuta naendesha kwa kuinua macho badala ya kuinua kichwa, naona kwa kupitia juu ya fremu ya miwani, na miwani yenyewe imeteleza na jasho imeshuka puani, kwa hiyo ili nione lazima niinue zaidi, ndiyo shingo inazidi kuchoka. (Kamba ya miwani, wakuu. Kitu cha kijinga kabisa lakini nunua.) Jioni nikagundua mkao mpya, kiwiko cha kushoto kwenye pedi, kiganja chini ya kidevu, nimejishika kidevu kama mtu anayewaza maisha, mkono wa kulia ndio unaendesha. Nilienda hivyo kilomita sitini. Naapa ukinipiga picha pale ningeonekana mwanafalsafa.

Usiku nililala kwa muda wa saa nne badala ya saa mbili nikiamini shingo itapona. Asubuhi ikawa afadhali kwa dakika ishirini hivi. Nikashuka, nikatoa tyubu ya akiba, nikaikata, nikafunga upande mmoja nyuma ya helmeti na upande mwingine kwenye mikanda ya bukta mgongoni, ili tyubu ikivutika inyanyue kichwa. Wenzangu wakongwe wanafanya hivyo, wengine wanatengeneza mpaka vishikizo vya plastiki na povu vya kuweka chini ya kidevu. Inasaidia kidogo kwenye tambarare. Halafu nikafika kwenye mteremko.

Mteremko ule ulikuwa mrefu, una kona, na mimi nilichokuwa nakiona ni tairi la mbele na kama mita mbili za lami. Basi. Nikijilazimisha kuinua kichwa tyubu inavuta helmeti inakuja nyuma, mkanda wa helmeti unanikaba koo. Kona ya kwanza nimeipita kwa kusikia. Yaani nimesikia upepo umebadilika nikajua barabara imepinda. Nikashika breki zote mbili nikasimama, nikakaa kwenye ukingo wa barabara, na sina la kujivunia hapo, nililia kidogo, hasira zaidi kuliko maumivu, maana miguu ilikuwa mizima! Miguu ilikuwa inataka kwenda. Mapafu mazima, makalio yana vidonda vyake vya kawaida lakini yanavumilika, mikono ile niliyoihangaikia vidole kumi vyote vinafanya kazi, na kilichonitoa ni kipande cha nyama ambacho sijawahi hata siku moja kukifanyia mazoezi. Nikasukuma baiskeli kwa mguu mpaka chini, kilomita sita, nikapiga simu, kidoti changu kwenye ile ramani ya mtandaoni ya kufuatilia washindani kikasimama pale na ndugu zangu wakaanza kupiga kuuliza kama nimegongwa na gari.

Na wasiwasi wao ulikuwa na haki. Jure Robič aliyeshinda Race Across America mara tano alikufa mwaka 2010 akigongana na gari kwenye mteremko huko kwao Slovenia, akiwa mazoezini, na Mike Hall niliyemtaja juu aligongwa na gari akafa Machi 2017 akiwa kwenye mbio za kukatiza Australia. Sisemi ilikuwa shingo zao, la hasha. Nasema mtu anayeshindana na magari na usingizi hapaswi kuongezea na upofu wa kujitakia.

Sasa, je ni kosa la eroba? Hapa ndipo rivyu nyingi zinapotupotosha kwa sababu wanaijaribu Jumamosi moja wanarudi kuandika. Nilipofika nyumbani nikafungua lile boksi la eroba nililokuwa nimelitupa pembeni nikakuta kifuko cha nailoni kina vipande vinane vya duara vya kuinulia pedi, kila kimoja milimita 10, na boliti ndefu zake. Nilikuwa nimeviacha makusudi. Kupunguza uzito. Nikavipima kwa mizani ya jikoni, ukijumlisha na boliti havikufika hata gramu 100, na mimi kwenye begi nilikuwa nimebeba kitabu. Kitabu! Sikufungua hata ukurasa.

Kwa hiyo kwa mbio za pili nikainua pedi milimita 40 zote, nne kila upande, nikazirudisha nyuma karibu na kifua, nikapanua nafasi kati yake ili kifua kipumue. Nikikaa hapo sasa si LeMond tena, naonekana babu anasoma gazeti, na kichwa kinakaa juu ya mabega kama Mungu alivyokiweka. Upepo nimepoteza kidogo, sijali. Ukiangalia picha za wanaofanya vizuri kwenye mbio ndefu za kujitegemea utaona wengi wameziinua hivyohivyo, siku zote picha zilikuwepo, mimi nilikuwa naangalia magurudumu yao. Miezi mitatu kabla nikawa naegemeza paji la uso kwenye mpira ukutani, nasukuma kwa shingo, mbele, nyuma, pembeni, dakika chache kila jioni, nyumbani wamenicheka sana. Taa nikaihamisha kutoka kwenye helmeti. Na nikaiweka jipiesi ipige kengele kila dakika 20, ikilia natoka kwenye eroba, nashika usukani juu, nashusha kidevu kifuani, nahesabu mpaka kumi, narudi. Kilomita 1,400, siku nne na ushee, nimemaliza na kichwa juu, vidole vyote kumi vinaitika. Siku ya tatu shingo ilianza kunong'ona, nikalala saa moja ya ziada, ikanyamaza.

Tuje kwenye malalamiko ya hii yangu yenyewe sasa. Chuma chenyewe ni safi, alumini, zikiwa na kila kitu ni kama nusu kilo, hazijapinda wala kutoa ufa. Kibano kinaingia kwenye usukani mnene wa milimita 31.8, ukiwa na usukani wa kaboni hakikisha aliyeutengeneza anaruhusu kufunga eroba, maana kaboni ikibanwa vibaya inapasuka kimyakimya. Boliti zimeandikwa nguvu ya kukazia na naomba tumia spana yenye kipimo, mimi nilikaza kwa hisia na kilomita ya 300 hivi pembe ya kulia ikaanza kushuka taratibu kila nikipiga shimo, kila nikiinyanyua inashuka, nikawa nasafiri na baiskeli yenye sikio moja lililolegea. Hilo ni kosa langu. Lakini boliti moja ya kukaza pedi iko chini kabisa, huwezi kuifikia bila kutoa pedi juu, na pedi imeshikwa kwa velkro, maana yake kila marekebisho madogo njiani ni kubandua na kubandika. Nani alifikiria hivyo? Mtu ambaye hajawahi kurekebisha baiskeli usiku mvua inanyesha vidole vimeganda, huyo.

Na hiyo velkro ndiyo uozo wenyewe. Ikiwa kavu inashika. Ikilowa jasho la siku mbili halafu mvua, gundi inayoshikilia velkro kwenye bakuli la plastiki linalobeba pedi inalainika na pedi zinaanza kuhama. Mbio za kwanza pedi ya kushoto ilidondoka usiku sijui wapi, nikaendesha kilomita nyingi mkono uko kwenye bakuli tupu la plastiki mpaka nikapata soksi nikaifunga kwa teipu (ile soksi, ndiyo, iliyokuwa imepotea). Sponji yenyewe inanyonya maji kama dekio, ukiegemea asubuhi inakutemea maji ya baridi mpaka ndani ya mkono wa jezi, na baada ya siku tatu harufu yake siwezi kuielezea mbele za watu. Chumvi ya jasho inakaa humo, ngozi ya mkono inachubuka, nimebaki na alama mbili za duara mikononi, watu wanauliza kama nimeungua. Kwa kifaa ambacho kazi yake kuu ni kuegemewa, kuweka akili yote kwenye chuma na kuokota sponji ni dharau.

Niliwaandikia. Wakajibu vizuri tu, wakanitumia jozi nyingine ya pedi bila kunidai, na zilipofika zilikuwa na velkro ileile na gundi ileile.

Kama unafanya safari za siku moja na mikono haikusumbui, huna haja nazo, fanya mazoezi. Kama unaenda zaidi ya kilomita 400 na vidole vinaanza ganzi, chukua, hii au nyingine, ila zifunge angalau miezi miwili kabla, mimi zile za kwanza nilizifunga wiki mbili kabla na wiki mbili mwili haujajua hata umehamia. Anza na vipande vyote vya kuinulia, shusha kimoja kimoja kama unataka, na ukiona picha yako haipendezi ujue uko karibu na pale panapotakiwa. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu.

Zile pedi mpya sikuzibandika. Nilimpelekea fundi viatu na kipande cha ngozi laini, akazifunika akazishona kwa uzi wa nta kupita kwenye yale matundu ya bakuli, akaniuliza ni za nini, nikamwambia za kulalia viwiko kwenye baiskeli siku nne, akaniangalia, akaongeza mshono wa pili.